Kompyuta ya mezani imegoma baada ya kuifungua mwenyewe: dalili, sababu na pa kuanzia

Mafundi wa kompyuta huletewa habari hii tena na tena: "Ilikuwa inawaka vizuri, nikaifungua nipulize vumbi tu, sasa haiwaki." Wakati mwingine iliongezwa ram (vijiti vya kumbukumbu ya muda), au ilibadilishwa betri ya saa, au ilipakwa pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu zote). Mwenye mashine anafika akiwa ameshaamini kwamba madabodi (bodi kuu inayobeba vipuri) imekufa, na wapo wanaofika wameshanunua pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha) ambayo hawakuihitaji. Mara nyingi hakuna kilichokufa. Kuna kitu kimelegea, kimesahaulika au kimerudishwa mahali pasipo pake.

Mashine ninazozungumzia ni zile za kazi tunazozijua: Dell OptiPlex, HP Compaq, Lenovo ThinkCentre na zile za kuunganishwa dukani. Nyingi zimetumika ofisini Ulaya au Marekani kabla ya kufika Kariakoo au katikati ya Nairobi. Ni mashine imara, na zilitengenezwa ili zifunguliwe na kufungwa tena. Usikate tamaa nazo mapema.

Kabla ya kuigusa tena

Chomoa waya wa umeme ukutani, usiishie kuzima swichi. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki ndani uishe. Shika chuma kitupu cha kasha kwanza, ndipo uguse kitu kingine, ili mkono wako usipeleke umemetuli kwenye vipuri.

Sasa chukua karatasi uandike kila ulichogusa, kwa mpangilio. Tatizo lililoanza baada ya mkono wako kuingia ndani litafutwe kwanza pale mkono ulipopita. Kama uliweka ram mpya, itoe urudishe ya zamani. Kama ulihamisha diski, irudishe ilipokuwa. Mashine ikiwaka, umepata jibu bila kutoa shilingi. Kumbuka pia vitu ambavyo hukukusudia kuvigusa: kwenye kasha dogo huwezi kuchomoa diski bila kusukuma nyaya za jirani, na waya mmoja uliotoka nusu unatosha kuizuia mashine nzima.

Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona moshi, au kama maji yaliingia ndani, usijaribu kuwasha hata mara moja. Hapo peleka kwa fundi.

Dalili ya kwanza: kimya kabisa, hakuna taa wala feni

Anza nje ya kasha. Jaribu soketi nyingine bila ekstensheni. Angalia swichi ndogo nyuma ya pawa saplai yenye alama za I na O. Ukiwa unasukuma kasha mezani ni rahisi kuigusa ikazima. Kisha chukua waya wa umeme wa monita uuweke kwenye kompyuta, maana kwa kawaida zinatumia waya wa aina moja. Watu wengi wanaruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto, halafu wanafungua kasha zima kwa tatizo lililokuwa ukutani.

Kama umeme unafika, sababu zinazofuata ni hizi, kuanzia ile inayotokea zaidi:

1. Waya wa kitufe cha kuwashia umetoka. Kwenye Dell na HP ni plagi moja inayoingia upande mmoja tu. Kwenye mashine za kuunganishwa ni viplagi vidogo vya pini mbilimbili, na jirani yake kwenye madabodi kuna maandishi yanayoonyesha kila kimoja kinakaa wapi. Kiplagi cha kitufe hakina chanya wala hasi. Vya taa vinavyo, lakini ukivigeuza taa haiwaki tu, hakuna kinachoharibika.
2. Plagi kubwa ya pawa saplai haijaingia yote. Ile ya pini 24 ni ngumu. Isukume mpaka kikulabu chake cha pembeni kishike na usikie "ta".
3. Skrubu imedondoka chini ya madabodi. Mulika kwa tochi, ulaze kasha ubavu, utikise taratibu usikilize.
4. Kama ulitoa madabodi yote, huenda kuna kiguu cha shaba (cha kuinua madabodi isiguse kasha) kilichobaki kwenye kasha mahali ambapo madabodi haina tundu. Kiguu hicho kinagusa sakiti kwa nyuma na kuleta shoti.
5. Pawa saplai yenyewe.

Kwa pawa saplai, OptiPlex za kizazi cha 790 na 7010 zina kitufe kidogo nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme, chenye taa ya kijani. Kibonyeze mashine ikiwa imechomekwa. Taa ikiwaka, pawa saplai ni nzima. Isipowaka, chomoa umeme, toa plagi za pawa saplai kwenye madabodi na kwenye diski, chomeka tena ubonyeze. Ikiwaka sasa, pawa saplai haina kosa, na kuna kitu ndani kinachoivuta chini kwa shoti.

Mwenye mita anaweza kupima volti mashine ikiwa imewaka: waya wa njano usome kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Waya wa zambarau unatakiwa kuwa na volti 5 hata mashine ikiwa imezimwa, mradi imechomekwa ukutani. Ukikuta huo hauna kitu, usihangaike zaidi na kitufe cha mbele.

Kabla ya kununua pawa saplai nyingine, tazama plagi. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Zina ya pini 8 yao wenyewe. HP ProDesk nyingi za rika hilo zina ya pini 6. Pawa saplai ya kawaida haitaingia bila adapta, na kwenye kasha dogo haitaenea hata umbo.

Sasa jambo moja ambalo naomba ulisome mara mbili. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi nyekundu nyuma yenye namba 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani huenda imewekwa 115. Umeme wetu ni wa volti 230 Tanzania na 240 Kenya. Ukichomeka ikiwa kwenye 115, utasikia mlio wa kupasuka na pawa saplai imekwisha papo hapo. Tazama swichi hiyo kabla ya kuchomeka, hasa kama pawa saplai uliyofunga umeitoa kwenye mashine nyingine.

Na usifungue pawa saplai, hata kama umeichomoa tangu asubuhi na unataka kubadilisha feni tu. Kapasita zake huweza kubaki na umeme wa zaidi ya volti 300, wa kutosha kuua mtu. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye vifaa na ujuzi wake, na mara nyingi kununua nyingine ni nafuu kuliko kuitengeneza.

Inawaka sekunde mbili tatu, inazima, au inajirudia

Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni plagi ndogo ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa. Hiyo ndiyo inayoilisha prosesa, na kwa kuwa imejificha pembeni mwa feni, inasahaulika kuliko plagi nyingine yoyote ndani ya kasha. Ikikosekana, feni zinaweza kustuka na kusimama, au zikazunguka bila skrini kuonyesha chochote.

Mtuhumiwa wa pili ni hitsinki, kile chuma cha kuipoza prosesa kinachokaa juu yake, ambayo haijakaa sawa, na hilo nimelitengea sehemu yake hapa chini. Wa tatu ni shoti: chomoa kila kitu kisicho cha lazima, yaani diski, DVD, kadi zote za kuchomeka na USB zote, mashine ibaki na prosesa, hitsinki, feni yake na ram moja. Ikitulia, rudisha kimoja kimoja, na kila mara zima na uchomoe umeme kwanza. Kile kitakachoirudisha kwenye kuzima ndicho chenye kosa.

Tazama pia matundu ya USB ya mbele. Kijilimi cha ndani kikivunjika, pini zake hugusana na zinaweza kuzuia mashine isiwake. Chomoa plagi ya USB za mbele kwenye madabodi, ujaribu tena.

Feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi

Malalamiko haya ndiyo mengi kuliko yote, na mara nyingi chanzo ni ram.

Hakikisha kwanza waya wa monita umechomekwa panapostahili. Kama mashine ina kadi ya picha ya kuchomeka, monita inatakiwa kuunganishwa kwenye kadi hiyo. Ukiichomeka kwenye tundu la madabodi, mashine nyingi hazionyeshi kitu huko. Kama uliitoa kadi, fanya kinyume chake.

Kisha ram. Zitoe zote. Chukua kifutio cha penseli, kile laini cheupe, ufute meno ya dhahabu pande zote mbili mpaka yang'ae, halafu yapanguse kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi. Usitumie msasa wala kisu. Puliza vumbi kwenye sloti. Pwani utakuta hata mayai ya mende humo. Rudisha ram moja tu, kwenye sloti ya kwanza iliyoonyeshwa kwenye mchoro ndani ya kifuniko au kwenye madabodi. Sukuma kwa vidole gumba viwili, sawasawa pande zote, mpaka vikulabu vijifunge vyenyewe. Upande mmoja ukiingia na mwingine ukabaki juu kwa milimita moja, haitawaka. Jaribu hiyo moja, kisha nyingine, kisha sloti nyingine. Kwa namna hiyo utajua kama kosa liko kwenye ram au kwenye sloti.

Kama ram ni mpya, uliza ni ya aina gani. DDR2, DDR3 na DDR4 zina kitundu cha katikati mahali tofauti, hivyo haziwezi kubadilishana, na anayelazimisha huvunja sloti. Balaa zaidi ni ile inayoingia vizuri na bado haifanyi kazi. Ram za seva, zile zenye herufi R baada ya namba ya kasi kwenye kibandiko, kama PC3-10600R, huuzwa bei ya chini na huingia kwenye sloti ya kawaida bila shida, lakini OptiPlex au HP Compaq ya mezani haitawaka nazo. Ya kawaida huandikwa U. Zipo pia ram za DDR2 zilizoandikwa kuwa ni za AMD tu; kwenye mashine ya Intel hazisomeki.

Sikiliza milio na uangalie taa, maana mashine yenyewe inajaribu kukueleza. Kwenye Dell nyingi za zamani, milio 2 maana yake haioni ram kabisa, milio 4 ram inaonekana lakini ina hitilafu, milio 6 ni kadi ya picha, milio 7 ni prosesa. Kwenye HP Compaq taa nyekundu hupepesa pamoja na mlio: mara 2 ni joto la prosesa, mara 3 prosesa haipo au haijakaa, mara 4 umeme wa pawa saplai, mara 5 ram, mara 6 kadi ya picha. Hesabu mzunguko mzima, ngoja kimya, hesabu tena upate uhakika.

Kama ram ni nzima na hakuna mlio wowote, toa betri ya saa kwa dakika kumi mashine ikiwa imechomolewa ukutani, uirudishe. Hapo mipangilio ya baiosi (programu ya kuwashia iliyo kwenye madabodi) itarudi ya kiwandani, na mara nyingine hilo tu linatosha. Lakini kabla ya kufanya hivyo soma sehemu ya diski hapa chini, maana kuna la kuangalia.

Mwisho ni prosesa yenyewe. Kama uliitoa kwenye soketi, kwa Intel za LGA 775 na 1155 pini ziko kwenye madabodi, na ni nyembamba kuliko unywele. Mulika kwa tochi ukitazama kwa ulalo: safu zote zinatakiwa zing'ae kwa namna moja. Ukiona sehemu moja inang'aa tofauti, kuna pini iliyopinda. Usiinyooshe kwa sindano usiku mezani. Fundi mwenye darubini anaweza kuiokoa. Ikivunjika, madabodi imekwisha.

Inawaka, lakini inasimama kwenye maandishi

Hii ni habari njema, kwa sababu mashine ni nzima na kuna kitu inakukumbusha.

Dell ikisema kifuniko kilifunguliwa, bonyeza F1 ili uendelee, kisha ufute onyo hilo ndani ya baiosi. Ikisema kuna hitilafu ya feni, au HP ikionyesha namba 511 au 512, plagi ya feni haijachomekwa au imechomekwa kwingine. 511 ni feni ya prosesa, 512 ni ya kasha. Kama ulibadilisha feni ya Dell kwa ya kawaida, plagi zake nyingi hazifanani, na mashine italalamika kila asubuhi hata kama feni inazunguka.

HP ikionyesha 162 au 163, au Dell ikisema saa haijawekwa, betri ya saa ni dhaifu au imewekwa chini juu. Ni CR2032, ya volti 3, na upande wenye maandishi hutazama juu. Ikipima chini ya 2.7 ibadilishe. Zipo CR2032 za bei rahisi zinazotoka dukani zikiwa zimeshachoka, kwa hiyo ipime hata iliyo mpya. Usipuuze saa iliyopotea: kompyuta ikiamini kwamba tuko mwaka 2010, kivinjari kitakataa kufungua benki, barua pepe na tovuti nyingine kwa madai kwamba si salama, na utadhani intaneti ndiyo mbovu.

HP ikionyesha 1720, hiyo ni habari nyingine kabisa. Diski yenyewe inasema inakaribia kufa. Nakili kazi zako leo hii, kabla ya kugusa kitu kingine.

Haioni diski, au Windows inaanza halafu inagoma

Angalia nyaya mbili za diski, ule mwembamba wa data na ule mpana wa umeme. Zichomoe uzirudishe. Waya wa data wa bei rahisi usio na kikulabu cha chuma hulegea wenyewe, na ukiukunja kwa pembe kali hukatika ndani bila kuonekana nje. Jaribu waya mwingine na tundu jingine. Kwenye mashine za zamani zaidi zenye diski za IDE na mkanda mpana, ukiongeza diski ya pili lazima vipini vya nyuma vipangwe, moja iwe kuu na nyingine iwe ya pili. Zote mbili zikiwekwa kuwa kuu, au zote za pili, huenda hakuna itakayoonekana.

Ingia baiosi, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkCentre, uone kama diski imeandikwa. Isipoandikwa, tatizo ni waya, umeme au diski. Ikiwa imeandikwa na Windows haiwaki, tazama mpangilio wa kuwashia kwanza, na uchomoe flashi iliyobaki nyuma.

Sasa lile la betri. Ukitoa betri ya saa, au ikiwa ilikufa muda mrefu, baiosi inasahau mipangilio yote na kurudi ya kiwandani. Kwenye Dell nyingi za biashara, kipengele cha SATA Operation (namna mashine inavyozungumza na diski) kwa kiwanda ni RAID On. Kama Windows yako ilisakinishwa kikiwa AHCI, itaanza, nembo itaonekana, halafu skrini ya bluu: INACCESSIBLE BOOT DEVICE kwa Windows 10, au namba 0x0000007B kwa Windows 7. Mtu anaona hivyo anaamua Windows imeharibika, anafuta diski na kusakinisha upya, na picha za familia zinakwenda na maji. Dawa yake ni kuingia baiosi, kubadilisha RAID On kuwa AHCI au AHCI kuwa RAID On, kuhifadhi na kuwasha tena. Ni dakika moja. Tazama na Legacy na UEFI, mitindo miwili ya kuwashia, kwa namna hiyo hiyo: Windows iliyosakinishwa kwa mtindo mmoja haiwaki kwa mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kutoa betri, kama mashine bado inawaka, ingia baiosi upige picha kwa simu kurasa zote. Na kama Windows ikidai namba ndefu ya tarakimu 48 baada ya kubadilisha madabodi au mipangilio, diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la data la Windows. Namba hiyo huwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, au kwa watu wa kompyuta wa ofisi ilikotoka. Hakuna fundi wa mtaani atakayeibuni.

Diski ikitoa mlio wa kugonga, "ta, ta, ta", zima mara moja. Kila sekunde inayozunguka, kichwa chake kinaweza kuendelea kuchuna uso wenye data zako. Usiifungue, usiigonge, usiiweke kwenye friji. Kama kazi zilizomo zina thamani, mpelekee mtu anayeokoa data. Kama hazina, nunua SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka. Kwa mashine ya zamani hakuna kipuri chenye faida kuliko hicho.

Inapata moto, feni inapiga kelele, inazima baada ya dakika chache

Karibu kila mara ni hitsinki. Prosesa hujilinda: ikikaribia nyuzi 100 inapunguza mwendo, ikizidi inazima mashine ghafla bila onyo. Ikiwa inazima dakika chache baada ya kuwashwa na ukiiacha ikapoa inawaka tena, usitafute kwingine.

Hitsinki za Intel zina miguu minne ya plastiki ya kusukuma. Wengi huisukuma mitatu vizuri, na wa nne unabaki juu kidogo kwa sababu waya au kasha vinazuia kidole. Geuza kila mguu kinyume cha mshale wake, maana mshale huonyesha upande wa kufungulia, sukuma kwa mshazari, wa kwanza na ule wa ng'ambo yake, kisha miwili iliyobaki. Uthibitisho uko nyuma ya madabodi: vipini vinne vyeusi viwe vimetokeza vyote. Shika hitsinki uitikise, ikicheza, haijashika.

Pesti: futa ya zamani yote juu ya prosesa na chini ya hitsinki kwa spiriti na pamba mpaka chuma king'ae, kisha weka tone la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati na uiache hitsinki iitandaze yenyewe. Nyingi kupita kiasi inavuja, kidogo kupita kiasi inaacha mapengo. Ikiwa hitsinki ni mpya, toa karatasi ya plastiki iliyobandikwa chini. Dawa ya meno inatembea sana mitaani kama mbadala. Inapoza siku chache, kisha inakauka kama chokaa na joto linarudi kubwa kuliko mwanzo. Usiiweke.

Kwenye OptiPlex kuna bomba la plastiki linaloelekeza upepo kutoka kwenye feni hadi kwenye prosesa. Likiachwa mezani kwa kuwa linasumbua kulirudisha, mashine hupata moto hata kama pesti ni nzuri. Lirudishe, na kifuniko cha kasha pia, maana bila kifuniko upepo haupiti njia yake.

Na kuhusu kupuliza vumbi: watu hupeleka kasha kwenye kompresa ya wanaoziba pancha. Upepo huo una maji na mafuta kutoka kwenye tangi, na una nguvu ya kung'oa vipuri vidogo. Tumia blowa ndogo au brashi laini, na ushike feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, kwa kuwa ikizungushwa kwa kasi kupita kiasi inavunja beringi zake.

Inaganda au kuleta skrini ya bluu ovyo

Ram ndiyo ya kwanza tena. Bonyeza Windows na R, andika mdsched, acha mashine ijipime. Kosa moja tu likionekana, ram hiyo haifai, hata kama mashine inawaka nayo. Ukiwa umechanganya ram mbili za makampuni tofauti, jaribu moja moja.

Joto ni la pili. La tatu ni kapasita, hasa kwenye mashine zilizotengenezwa kati ya mwaka 2000 na 2007, ambapo kapasita mbovu zilisambaa kwa watengenezaji wengi. Tazama vichwa vya vile vimkebe vilivyo karibu na prosesa: viwe bapa. Kilichovimba juu au kutoa uji wa kahawia kimekwisha. Kuvibadilisha kunahitaji mtu mwenye mkono mzuri wa lehemu, na volti yake na mikrofaradi zake ziendane na ya zamani. Kama hujawahi kulehemu madabodi, usijifunzie hapo.

Kasha linatekenya mkono

Wengi wamelizoea, wanavaa ndara wakitumia kompyuta. Chanzo ni waya wa ardhi kukosekana. Pawa saplai ina vichujio vinavyounganisha umeme na chuma cha kasha, na umeme huo mdogo unatakiwa uende ardhini. Usipopata njia, chuma kinabaki na karibu nusu ya volti za ukutani, na wewe ndiye unayekuwa njia. Sababu ya kawaida ni waya uliokuja na mashine kutoka Ulaya wenye plagi ya mviringo, ukalazimishwa kwenye soketi yetu kwa kusukuma tundu la juu na kalamu, au kwa adapta ya miguu miwili. Tafuta waya wenye plagi ya pini tatu mstatili, wenye fyuzi ndani. Bei yake ni ndogo.

Ukiubadilisha na bado inatekenya, tatizo ni nyaya za nyumba, na hiyo si kazi ya mtu wa kompyuta. Muite fundi umeme mwenye leseni apime ardhi ya nyumba. Kama kinachokupata ni pigo la kurusha mkono, chomoa mashine na usiitumie tena mpaka ipimwe.

Ukimpelekea fundi

Mpe ile karatasi uliyoandika mwanzo, na umweleze yote, hata lile unaloona aibu kulisema. Akijua kwamba ulitoa prosesa, ataanza kwenye pini za soketi, na muda wake mdogo ni gharama yako ndogo. Mpelekee na vipuri vya zamani ulivyotoa. Mwombe akupe bei ya kuchunguza kabla ya bei ya kutengeneza, na kila kipuri atakachobadilisha akurudishie kile cha zamani. Kama kosa si la diski, itoe ubaki nayo nyumbani. Fundi anaweza kuijaribu mashine kwa diski yake.